Herufi moja ya vinasaba na kinyama kilichobaki kwenye nta

Mgonjwa mwenye uvimbe akipanda kilima cha Bugando, penye hospitali ya rufaa jijini Mwanza, hukatwa kinyama kidogo. Kinyama hicho hukaushwa maji, kikamiminiwa nta, kikawa kipande kigumu cha kushikwa kwa vidole viwili. Daktari husoma tabaka jembamba lililokatwa humo, na kinachobaki huenda kabatini. Hicho kinachobaki ndicho ninachokitetea, kitumike kutafiti mikroRNA na saratani.

MikroRNA ni uzi mfupi wa RNA, nakala ya vinasaba, wenye herufi kama 22, yaani viungo vya kemikali vinavyoandikwa kwa herufi kama G na C. Hautengenezi protini, kazi yake ni kuzidhibiti jeni nyingine zisipitilize. Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliopewa Nobel 2024, walichapisha ugunduzi wao 1993 baada ya kuchunguza mnyoo mdogo. Mwaka 2002 maabara ya Carlo Croce, mtafiti wa saratani, ikaonyesha kwamba wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu wamepoteza mikroRNA mbili, miR-15 na miR-16. Wala si lazima mikroRNA ipotee yote. Herufi moja ya kurithi kwenye mikroRNA nyingine, miR-146a, G ikiwa C, hupunguza kiasi kinachokomaa ndani ya seli.

Wenye mashaka na utafiti wa herufi hizi wana hoja nzito. Herufi moja mwishoni mwa KRAS, jeni inayochochea seli kukua, mahali inaponasa mikroRNA iitwayo let-7, ilihusishwa na saratani ya mapafu mwaka 2008, kisha ya ovari, hadi kipimo chake kikauzwa Marekani. Mwaka 2016 uchunguzi wa wanawake zaidi ya 140,000 haukuona uhusiano wowote na saratani ya ovari wala ya matiti. Fikiria mwanamke aliyekwisha kutolewa ovari kwa hofu ya herufi hiyo! Wanasema pia kwamba fedha zianze na dawa, na nauli ya mama anayevuka na kivuko kutoka Ukerewe. Kuhusu nauli, siwabishii.

Ila takwimu zinazotumika duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya kwa sehemu kubwa, ilhali Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba. Na sisi tuna Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 ng'ambo ya ziwa, Uganda. Ndani yake MYC, jeni inayosukuma seli kugawanyika, ikiwa imehama mahali pake, hupandisha kundi la mikroRNA liitwalo miR-17-92. Kirusi cha Epstein-Barr kinachoambatana nayo kina mikroRNA zake chenyewe, za kwanza za kirusi kugunduliwa, mwaka 2004. Nani atatuchunguzia haya kama si sisi?

Kwa hiyo vipimo vya kuuza navikataa, utafiti naukubali, tena uanzie kabatini. RNA ndefu hukatikakatika ndani ya nta; mikroRNA, kwa ufupi wake, hudumu miaka. Ongezeni tone la damu kwa kusoma herufi za kurithi, kwa ridhaa ya mgonjwa au mzazi. Namba ya kipande huandikwa kwa penseli, maana spiriti hufuta wino. Daftari lenye namba hiyo likipotea, mtoto aliyetoa kinyama hatajulikana tena.