Ukamla ni neno, na ntabishana na yeyote

Kuna huu mchezo wa kuchukua neno moja refu, mnaliandika juu ya karatasi, alafu kila mtu anatoa maneno madogo kwa kutumia herufi za humohumo tu, mwenye mengi ndo kashinda. Hauli bando, umeme ukikatika mnaendelea na mshumaa, na bibi anaweza kumfunga mtoto wa chuo bila shida. Mi naona kwa Kiswahili ni mtamu kuliko kwa Kiingereza, tena kwa mbali, ila tunauharibu wenyewe kwa sababu tunaucheza kwa sheria tulizookota kwa Waingereza, na nyingine tumeziokota nusunusu.

Chukua kalamu. Humo ndani kuna kula, kuna mkaa, kuna kama, kuna kamua, kuna Lamu kama mmekubaliana majina ya miji yaingie, na kuna lingine la herufi nne ambalo kila mtoto wa darasa la tano analiona kabla ya yote alafu anaanza kucheka peke yake, hilo siliandiki hapa. Sasa anatokea mtu, kakaa kimya muda wote, anaandika ukamla. Herufi zote sita zimeisha, hajabakiza hata moja. Hapo kelele zinaanza, siyo neno, ni neno, leta kamusi, kamusi ya nini.

Ni neno. Ukamkuta kuku bandani, ukamchinja, ukamla. Mswahili gani hajaelewa hapo?

Wanaokataa hoja yao ni moja tu, kwamba halimo kwenye kamusi. Sawa, ila kamusi zetu zinapanga vitenzi bila ile ku ya mbele, unatafuta pika, hutafuti kupika. Kwa ukali huo basi hata kula ya pale juu uikate maana kitenzi chenyewe ni la, na sijawahi kuona mtu anakatiwa kula kwenye mchezo huu. Yani mnakubali ku ila mnakataa uka, kwa kipimo gani? Na hao Waingereza ambao tunajifanya tunawafuata, kwenye Scrabble yao, ule mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa kete za herufi, wanakubali eat, eats, ate, eaten na eating, kitenzi kilekile kimoja kwa sura tano, na mechi inaendelea. Kwao kitenzi kinabadilika mkiani kidogo tu, kwetu kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa vyote kwenye neno moja. Ndo lugha yetu ilivyo, sasa uikatie lugha kwa sababu imejaliwa?

Nakubali kuna tatizo. Ukifungulia vitenzi vyote, mtu mmoja mjanja anakaa na la yake tu, anaandika ukala, mkala, kumla, ukamla, karatasi imejaa na hajafikiri chochote, anageuza viambishi tu. Inaboa. Dawa yake mi naona ni hii: kitenzi kimoja, umbo moja. Chagua lile refu kuliko yote, mengine ya kitenzi hichohicho hayahesabiwi. Alafu ukiulizwa unatunga sentensi papo hapo, usipoweza neno linakufa. Hii ya sentensi mi naipenda zaidi hata ya kwanza, kwa sababu bila hiyo mchezo unageuka kuwa wa kukariri. Si unajua mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa na Kifaransa hajui kukiongea? Alikariri orodha ya maneno. Heshima yake, kichwa kile sio cha kawaida, ila nyumbani kwangu angeambiwa atunge sentensi tungemalizana naye mapema.

Sasa nirudi kwa nini nasema kwa Kiswahili ni mtamu. Andika samaki. Changanya herufi zote sita uone: masika, kamasi, na ukiruhusu majina ya mitaa unapata Masaki ya Dar es Salaam. Samaki, masika, kamasi, Masaki. Herufi zilezile hasa, hakuna iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Ukizipanga hizo herufi kwa kila namna inayowezekana unapata mipangilio 360, mingi takataka tupu, ila Kiswahili kinapenda konsonanti moja irabu moja, konsonanti moja irabu moja, na kwa mtindo huo inabaki mipangilio 18 tu inayotamkika vizuri. Kati ya hiyo 18 minne ina maana! Mwingereza akipata listen na silent anajisifia mwaka mzima.

Na samaki sio bingwa. Bingwa wangu mi ni rafiki. Jaribu kabla hujasoma mbele.

Fikira. Fariki. Kafiri. Fakiri, yule maskini wa Mungu. Ukijumlisha na rafiki mwenyewe ni maneno matano kwa herufi sita zilezile, na hesabu ya mipangilio ni ileile 18, yani karibu theluthi nzima ni maneno halali. Nilipoligundua hili nilimsumbua kila mtu. Na sababu yake nayo inapendeza, yote matano asili yake ni Kiarabu, na kule Kiarabuni hayakutani hivi kwa sababu wao wana k mbili, ile ya kooni na hii ya kawaida. Rafiki, fariki na fakiri zina ile ya kooni, fikira na kafiri zina hii ya kawaida. Yalipofika pwani yetu k zote zikawa moja, basi maneno ambayo kwao yako mbalimbali kwetu yakajikuta yamevaa herufi zilezile. Bahari na habari ni hivyohivyo, Mwarabu h zake hapo ni mbili tofauti, sisi moja, ingawa kuna watu wa pwani mpaka leo wanasema khabari na wakicheza mchezo huu wanataka waandike hivyo. Kitabu na katibu yenyewe ni ndugu wa damu, shina ni moja, la kuandika. Karibu na kaburi hawana undugu wowote, imetokea tu, na ukiongeza a moja kwenye karibu unapata kibarua. Kibarua ndani yake ana barua. Unaona inavyokuwa, ukishaanza huachi, foleni ya Ubungo yote inaisha unasoma vibao vya maduka unavuruga herufi.

Maneno mafupi nayo msiyadharau. Pesa ni sepa, na wenye pesa wanajua. Kura ni ruka. Kazi ni kiza na ni zika, hiyo sisemi kitu. Damu ni muda na ni duma. Hapa kwenye damu na muda wazee wataniambia mbona hii sio mpya, hii ni kinyume, na kweli, kinyume ile ya kuchukua silabi ya mwisho ukaileta mbele ili mkubwa asielewe mnachosema ipo pwani toka zamani sana. Kwa kinyume mali inakuwa lima, kata inakuwa taka, tatu inakuwa tuta, na wali unakuwa liwa, ambayo ndo kazi yake. Tofauti ni kwamba kinyume kinahamisha silabi nzimanzima na kinafanywa kwa mdomo, haraka, huu wa herufi unavunja mpaka silabi yenyewe na unataka karatasi. Ila mtoto aliyezoea kinyume anamfunga mtoto wa apu, hilo nimeliona.

Kwa walimu naomba kitu kimoja, msiwape watoto maneno ya ajabuajabu eti kwa sababu ni marefu. Neno refu lenye viambishi vingi mara nyingi limejaa a na n, halitoi kitu. Wape majina ya mahali. Mombasa ina mambo, mamba, mbao, boma, bao, soma, omba, somba, saba, na maboma ya herufi sita. Tanzania ina nazi, zana, tanzi, tani, anza, nani, ina tanzia pia, na ina natania. Au waandike hiyohiyo mwalimu, humo kuna mlima, mwali, wali, limau, mali, lima, wima, umma na walimu wenyewe.

Na televisheni zetu, jamani. Channel 4 ya Uingereza ina kipindi cha Countdown toka 1982, herufi tisa, sekunde 30, mwenye neno refu anachukua pointi, na wenyewe wazo walilitoa kwa Wafaransa. Seti yake ni saa moja kubwa na meza. Sisi tuna lugha ya watu milioni kwa milioni tunashindwa nini? Majaji wa nahau na sarufi tunao tele, tena wanaopenda kubishana.

Kuhusu kununua seti ya Scrabble ili mcheze Kiswahili, ushauri wangu usinunue, au nunua alafu uirekebishe. Alfred Butts, yule msanifu majengo wa Marekani aliyeubuni miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ya Kiingereza ndo akaamua kila herufi iwe na kete ngapi na pointi ngapi. Kwa hiyo E ziko 12, K iko moja tu ya pointi tano, Z moja ya pointi kumi. Kwa hesabu hizo huwezi kuandika kuku bila kutumia kete tupu, ile isiyo na herufi inayosimama badala ya herufi yoyote! Kaka huwezi, kikapu huwezi. Alafu ukiandika kazi, neno ambalo kila mtu analitamka asubuhi mpaka jioni, unapewa pointi 17 utadhani umefanya maajabu. Chukua boksi la viatu, kata kete zako, fungua gazeti la Kiswahili ukurasa wowote uhesabu herufi kama alivyofanya yeye, A zitakuwa nyingi mpaka uchoke. Q na X tupa kabisa. C usiiache peke yake, haina maisha bila H, iandike CH kwenye kete moja. Sh, ny na th ziache zitengane maana herufi zake zinajitegemea, na ukizifunga pamoja kwenye maisha utapoteza hisa, hama, hima na saa vyote kwa mpigo. Ng' ya ng'ombe ndo hatujakubaliana, mi kile kialama cha juu nakitoa bure kwa anayekihitaji, mke wangu anasema kikatwe kete yake na kiwe cha pointi kumi.