Dawa Ipo, Kibali Bado

Mwishoni mwa Mei 2015, mjini Chicago, Leonard Saltz alisimama mbele ya mkutano wa mwaka wa madaktari wa saratani. Saltz ni bingwa wa saratani ya utumbo mpana katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York. Siku hiyo yalikuwa yametolewa matokeo ya dawa mbili zinazoamsha kinga ya mwili, Opdivo na Yervoy, kwa wagonjwa wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyosambaa. Nusu ya waliopewa zote mbili walivuka miezi 11.5 bila ugonjwa kusonga mbele. Kwa waliopewa Yervoy peke yake ilikuwa miezi 2.9. Saltz aliyasifu matokeo hayo bila kusita. Kisha, palepale jukwaani, akapiga hesabu: Yervoy, kwa uzito uleule, bei yake ni kama mara 4,000 ya dhahabu.

Nampenda daktari wa namna hiyo. Wengi husifu dawa wakanyamaza kuhusu bei, au wakalaani bei kana kwamba dawa yenyewe si kitu.

Na dawa ni kitu. Gleevec ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ilizima protini moja tu inayozifanya seli nyeupe za damu zizaliane ovyo katika aina mojawapo ya saratani ya damu. Ugonjwa uliokuwa ukiua watu ndani ya miaka michache ukawa wa kumeza kidonge kila siku na kuzeeka nao. Lakini kidonge hichohicho, kilichoanza kwa takriban dola 30,000 kwa mwaka, kilifika dola 92,000 mwaka 2012. Mwaka uliofuata zaidi ya mabingwa 100 wa ugonjwa huo, wakiwemo waliosaidia kuijaribu dawa, walitia saini makala ya kupinga bei hizo.

Kampuni za dawa zina hoja, na si ya kubeza. Dawa nyingi za saratani zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu hufia njiani, na zile chache zinazofaulu ndizo zinazolipia zilizoshindwa, tena kabla hataza, yaani haki ya kuitengeneza dawa peke yao, haijaisha. Hoja hiyo inaeleza kwa nini dawa mpya ni ghali. Haielezi kwa nini dawa ya zamani ipande bei mara tatu.

Mwaka 2012 Saltz na wenzake wawili, Peter Bach na Robert Wittes, walitangaza gazetini kwamba hospitali yao haitatumia Zaltrap, dawa ya saratani ya utumbo mpana. Iligharimu kama dola 11,000 kwa mwezi, maradufu ya Avastin, dawa nyingine ya ugonjwa huohuo, bila kumwongezea mgonjwa muda wa kuishi zaidi ya ule wa Avastin. Wiki chache baadaye mtengenezaji aliishusha bei kwa nusu. Ikiwa nusu iliweza kuondoka hivyo, basi bei ile ilipangwa kwa kutazama mnunuzi atavumilia kiasi gani.

Kisa hicho, nikikiri ukweli, kinazipa nguvu kampuni za bima. Lazima awepo wa kusema hapana. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilizuiwa kisheria kujadiliana na watengenezaji bei za dawa ambazo mgonjwa huchukua duka la dawa hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, na katika miaka hiyo bei za dawa nyingi zilizidi kupanda.

Tatizo ni jinsi bima inavyosema hapana yake. Daktari anaandika dawa, faili linakwenda kwa bima kuombewa kibali, na jibu linarudi: mgonjwa aanze na dawa ya bei nafuu kwanza, ikishindwa ndipo apewe hii. Kwa shinikizo la damu utaratibu huo unavumilika. Dawa ikishindwa utaona namba kwenye mashine, utabadilisha. Kwenye saratani, dawa “imeshindwa” maana yake picha mpya inaonyesha doa kwenye ini ambalo mwezi uliopita halikuwepo. Wakati mwingine anayekataa ni daktari ambaye hajawahi kutibu saratani. Hapo siwezi kuitetea bima hata kidogo. Akatae mtu wa fani hiyohiyo, ndani ya siku mbili tatu, na aandike ushahidi anaoutegemea.

Kibali kikitoka, bado kuna sehemu ya gharama anayojilipia mgonjwa. Wapo wanaoruka siku ili vidonge vifike mwisho wa mwezi. Madaktari wa Marekani wameuita mzigo huu sumu ya fedha, wakauweka kwenye orodha moja na kutapika na kunyonyoka nywele.

Kinachonipa matumaini zaidi kimetoka hospitali ya Tata Memorial, Mumbai. Mwaka 2022 madaktari wake walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo iliyokomaa Opdivo miligramu 20 kila wiki tatu, juu ya vidonge vya bei nafuu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 240 kila wiki mbili. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 43.4 walikuwa hai; kwa waliopewa vidonge peke yake, asilimia 16.3. Utafiti huo haukulinganisha dozi ndogo na dozi kamili, kwa hiyo hauthibitishi kwamba zinalingana. Mtengenezaji hana sababu ya kugharamia ulinganisho huo. Bima wanayo, na ndio ningetaka waulipie kwanza, kabla ya kuajiri mtu mwingine wa kukagua fomu za vibali.