Nani Amekula Terabaiti Zetu?

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi bosi alisimama nyuma ya kiti changu, akaisoma skrini polepole kama anayesoma hati ya mashtaka.

"Kabla hujatuagizia diski mpya tulikuwa na nafasi kiasi gani?"

"Terabaiti saba na kitu, bosi."

"Na sasa?"

Sikujibu. Skrini ilikuwa imeshanijibia: 3.6.

Tuna seva tatu, kila moja ina diski nne. Juu yake tumeweka GlusterFS, ambayo huchukua diski za seva mbalimbali ikazionyesha kama folda moja kubwa. Kila sehemu inayochangwa huitwa tofali. Kila faili huwekwa nakala tatu, moja kwa kila seva, kwa hiyo ukinunua diski 12 unakula za nne tu, nane ni bima. Diski za zamani zilikuwa za terabaiti 2 na zilikuwa zinakaribia kujaa. Nikamshawishi bosi tununue za terabaiti 4. Tutakuwa na 16, nilimwambia, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Tukahamisha data yote wiki nzima. Sasa df, amri inayoonyesha nafasi ya diski, inaniambia ukubwa wote ni 3.6, zilizotumika 1.5.

Hiyo 1.5 ndiyo iliyonikausha mate. Faili zetu zilikuwa kama terabaiti 6. Yaani si nafasi tu iliyopotea, hata mali ilikuwa haionekani. Bosi hakuigundua, na mimi sikuwa na haraka ya kumwonyesha. Badala yake nikampa somo.

"Unajua bosi, watengenezaji wa diski huhesabu kwa 1000, kompyuta inahesabu kwa 1024. Ndiyo maana diski ya terabaiti 4 huonekana ina 3.6."

"Diski moja?"

"Moja."

"Sisi tumenunua 12."

Akaenda zake. Angalia nilivyo: nimetamka kwa mdomo wangu kwamba 3.6 ni diski moja, jibu nikalipita kama gari lisilosimama kituoni.

Nikawasha amri nyingine, du. Hii huhesabu faili moja baada ya nyingine, na kwenye mfumo wa namna hii unaweza kuiacha ukaenda kulala. Nikaiacha, lakini sikulala. Alfajiri ikaleta jibu: 6.0. Faili zote zipo! Nilishangilia peke yangu gizani, kisha nikakaa chini tena, maana sasa nina mashahidi wawili wa nyumba moja, huyu anasema sita, yule anasema moja na nusu.

Nilichofanya baada ya hapo sikijivunii. Kuna ugonjwa maarufu ambapo faili imefutwa lakini programu fulani bado imeishikilia, basi nafasi hairudi. Ugonjwa huo huifanya df isome kubwa kuliko du. Wa kwangu ulikuwa kinyume kabisa. Nilijua hivyo, na bado nilizima na kuwasha huduma zote mara mbili. Kisha nikaituhumu ext4, mfumo wa faili (mpangilio wa kuhifadhi data) niliofomatia diski, kwa kuwa kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi. Saa nzima nikapiga hesabu ya jinsi asilimia 5 inavyoweza kumeza robo tatu. Haiwezi. Nikashuku diski ni feki. Lsblk, amri ya kuorodhesha diski, ikanionyesha kila moja ina 3.6 yake, nzima, haina kosa.

Nilipoishiwa na washukiwa nikageukia binadamu. Nikamwomba dada wa takwimu, ambaye ndiye mwenye mafaili makubwa kuliko wote, apunguze mizigo.

Baada ya nusu saa akapiga simu. "Kaka, nimefuta gigabaiti 400."

Nikatazama. Zimepungua 100.

"Dada, hujafuta 400."

Kimya. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa kule upande wa pili, na viatu vikija.

Alikuja na kompyuta yake na orodha. Akaiweka mbele yangu, faili kwa faili, 400 kamili. Kisha, huku akinitazama machoni, akafuta nyingine za gigabaiti 80. Nikatazama df. Zimepungua 20.

"Mzani wako unapunja," akasema. "Kila nikitoa kitu, unaniandikia robo."

Robo.

Nikaitazama tena 3.6, nikaizidisha kwa nne. Nikaitazama 1.5 ya Jumatatu, nikaizidisha kwa nne. Na pale pembeni, kwenye mstari uleule niliokuwa nikiutazama siku mbili, safu ya asilimia ilikuwa imesema 42 tangu mwanzo, na asilimia 42 ndiyo ilikuwa kweli. Safu moja ilikuwa inasema ukweli mchana kutwa na hakuna aliyeisikiliza.

Kila seva ina tofali nne. Nikafungua faili za usanidi, nikaukuta mstari umekaa kimya kabisa: shared-brick-count 4, yaani tofali nne zinazotumia diski moja.

Maana yake ni hii. Mtu akiweka tofali nne ndani ya diski moja, mfumo ungeihesabu nafasi ileile mara nne na kumdanganya kwamba ni tajiri. Kwa hiyo hulinganisha vitambulisho vya mifumo ya faili iliyoko kwenye seva moja. Vikifanana, husema hawa wanakaa chumba kimoja, na hesabu ya kila mmoja hugawanywa kwa idadi yao. Ni busara tupu. Ila sisi diski zetu ni nne, kila moja na chumba chake. Kwa nini ionekane moja?

Nikapiga blkid, amri inayosoma UUID, yaani kitambulisho cha kila mfumo wa faili. Mistari minne, UUID moja, haikutofautiana hata herufi.

"Hawa ni mapacha?" akauliza dada.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Ijumaa ya wiki mbili nyuma. Nilifomati diski ya kwanza, nikaipanga ikapangika, nikajiona bingwa. Nirudie kazi hii mara 11? Nikachukua kifaa cha kunakili diski, nikaidurufu ile ya kwanza kwenye zote zilizobaki, na kitambulisho chake kikaenda nazo. Kila duru ilichukua kama saa saba. Nilikesha nazo wikendi nzima. Kufomati diski moja kungechukua chini ya dakika.

Na nilikuwa nimejizibia kila tundu la kugundua. XFS, mfumo mwingine wa faili, ingekataa kuipokea diski ya pili yenye UUID ileile. Mimi nilitumia ext4, haina maswali. Kwenye orodha ya diski ambazo seva huzifungua inapowaka, ningeziandika kwa UUID kama miongozo inavyosisitiza, seva ingechanganyikiwa siku ya kwanza. Mimi niliziandika kwa majina, sdb, sdc, sdd, sde, kwa sababu ni mafupi.

Matibabu yalikuwa mepesi hadi yakaniudhi. Seva moja baada ya nyingine, nikachomoa mifumo ya faili, nikaikagua, nikaipa kila diski UUID yake kwa tune2fs, amri ya kurekebisha ext4, nikairudisha, nikasubiri nakala zilingane. Mwisho nikabadili kipangilio kimoja kisicho na madhara ili faili za usanidi ziandikwe upya. Nikapiga df -h: 15T.

Nikamwita bosi. Akainama, akasoma.

"15. Uliniambia 16."

"Kwa kweli, bosi," nikaanza, huku nikijua ninachojichongea, "hata hiyo 15 imekwezwa juu. Ni 14 na kitu. Unakumbuka ile ya 1000 na 1024?"

Akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono. Dada wa takwimu, ambaye hakuna aliyemwita, naye akavuta chake.