Satini ya Februari

Ujumbe umeingia kwenye grupu ya familia: sare ya harusi ni satini, kijani cha zumaridi, mikono mirefu, "na hakuna mbadala". Harusi yenyewe Februari. Februari, jamani, kaskazi imeshika na ukumbi ni wa feni! Nikauliza nani kachagua. Shangazi zetu wa Nairobi. Ahaa. Anayelala na blanketi mita 1,700 juu ya bahari ndiye anayetuchagulia kitambaa sisi wa pwani tunaolala na leso, na hata hiyo leso huipiga teke usiku.

Rangi ni nzuri, sina neno. Satini ya hariri pia ipo, kwa wenye nazo. Lakini hii inayometameta kwa bei ya kutupa ni poliesta, jamaa wa chupa ya maji, asili yao moja: mafuta ya petroli. Hainywi jasho. Pamba huvuta unyevu wa hewani hadi kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata 1. Na hewa yetu ilivyo nzito, jasho lenyewe hukauka kwa taabu. Sasa livishe kitambaa kisicholipokea, uone litakwenda wapi. Litateremka mgongoni taratibu huku bibi harusi anapigwa picha, nawe umetabasamu.

Muuzaji atakuapia kwa miungu yote kwamba ni pamba tupu. Muombe uzi mmoja tu, toka nje, uwashe kiberiti. Pamba huungua na kunuka karatasi, ikabaki majivu mepesi. Poliesta huyeyuka ikajikunja kitone kigumu. Akikunyima huo uzi, basi amekujibu.

Haya, nakubali: poliesta haikunjiki, haipauki upesi, ukiifua usiku asubuhi imekauka. Mama mwenye watoto watano na tokeni za stima za kuhesabu hawezi kupiga pasi pamba kila siku. Sare za shule za tetroni nazielewa. Za harusi hapana.

Dera la reyoni linapoa vizuri, ila usilikamue kwa hasira, likilowa huwa dhaifu. Kitani ni raha, bei ndiyo balaa. Buibui nalo hulaumiwa weusi wake bure. Tazameni kitambaa na upana kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni leso. Mtaa wa Biashara wa Mombasa, unaosifika kwa leso, leo unaweza kuuziwa leso ya poliesta! Ukijifuta nayo inasukuma maji tu, mtoto ukimbebea analia. Leso isiyofuta ni ya nini?

Na ukishapata pamba yako, msimamie fundi. Wengine huchukua pamba safi ya watu wakaitia bitana ya poliesta ndani, kisha wakudai pesa ya bitana.