Kufuli Lisilo na Tarehe ya Mwisho: Kinga ya Michezo ya Video na Haki ya Aliyeilipia

Mwezi Mei 2021 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa Resident Evil Village, na haukupita muda mrefu kabla wachezaji wa kompyuta waliolipa bei kamili hawajaanza kulalamika kwamba picha ilikuwa ikikwama kila walipompiga adui risasi. Julai mwaka huohuo nakala iliyovunjwa kinga, yaani kufuli la kiprogramu linalozuia mchezo kuchezwa bila kulipiwa, ilisambaa mitandaoni, na wachambuzi wa Digital Foundry walipoipima sambamba na nakala halali walikuta kwamba ile ya wizi ilikwenda bila kusita palepale ambapo ile iliyolipiwa ilikwama. Ndani ya mwezi huo Capcom ikatoa masahihisho, na katika maelezo yake ikataja wazi kwamba imerekebisha teknolojia ya kuzuia uharamia.

Wapo wanaolichukua tukio hilo kuwa ushahidi kwamba kinga za aina hii hazina faida yoyote isipokuwa kumsumbua mtu mwaminifu. Ninaielewa hasira yao, lakini siioni hoja hiyo kuwa imekamilika. Ili kuona mahali ambapo kampuni zina haki na mahali ambapo zimevuka mpaka, inafaa kwanza kujua kufuli lenyewe linavyofanya kazi.

Kinga inayotajwa zaidi kwa sasa ni Denuvo, iliyobuniwa Salzburg nchini Austria, ikaanza kutumika katika mchezo wa FIFA 15 mwaka 2014, na tangu 2018 iko chini ya kampuni ya Irdeto. Mchezaji anapoufungua mchezo kwa mara ya kwanza, programu hukusanya maelezo ya kompyuta yake, huyaambatanisha na uthibitisho wa akaunti aliyonunulia, kisha huyatuma kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayohudumia mtandao, nayo seva hurudisha cheti cha kidijiti kinachokubalika kwenye kompyuta hiyo peke yake. Baadhi ya sehemu za mchezo zimefichwa kwa namna ambayo haziwezi kutenda kazi bila cheti hicho. Ukibadilisha kichakataji cha kompyuta, au mchezo ukipata toleo jipya, huenda ukalazimika kuunganishwa tena na seva ili upewe cheti kingine.

Katika kurasa za mauzo za michezo mingi ya aina hii kuna mstari mdogo unaosema kwamba mchezo unaweza kuamilishwa kwenye kompyuta tano tofauti kwa siku. Kwa mwenye mashine moja, kikomo hicho ni kama hakipo. Lakini anayetumia mfumo endeshi wa Linux badala ya Windows, akawa anajaribu matoleo mbalimbali ya Proton, programu inayowezesha michezo ya Windows kuchezwa huko, kila toleo analojaribu huweza kuhesabiwa kuwa kompyuta mpya, na akifika la sita atakuta mchezo wake umefungwa hadi siku ya pili. Wanaopima kadi za picha kwa ajili ya magazeti ya teknolojia wanaijua vizuri adha hiyo. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeiba kitu.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na ni makosa kuipuuza. Mwaka 2008 studio ndogo ya 2D Boy ilitoa mchezo wa World of Goo bila kufuli lolote, na baadaye waundaji wake wakakadiria kwamba takriban asilimia 82 ya nakala zilizokuwa zikichezwa hazikulipiwa. Waundaji hao walibaki na msimamo kwamba kufuli lisingewasaidia, kwa kuwa si kila anayepakua bure angenunua. Hata hivyo, mwajiri mwenye mamia ya wafanyakazi wa kuwalipa mshahara kwa miaka kadhaa kabla mchezo haujauzwa hata nakala moja hawezi kulaumiwa akiiona idadi hiyo na kuingiwa na hofu.

Hofu hiyo ina msingi katika hesabu. Mwaka 2024 mtafiti William Volckmann wa Chuo Kikuu cha North Carolina alichapisha uchambuzi wa michezo 86 iliyouzwa kwenye duka la Steam ikiwa na kinga ya Denuvo, akilinganisha michezo iliyovunjwa mapema na ile iliyochelewa au iliyoponea. Alikuta kwamba mchezo unaovunjwa katika siku za mwanzo hupoteza kwa wastani takriban asilimia 20 ya mapato yake yote. Sehemu moja kati ya tano ya mapato ndiyo tofauti kati ya studio inayoanza mradi mwingine na studio inayopunguza watu. Kwa hiyo anayesema kwamba kufuli halijawahi kulinda chochote anabishana na takwimu.

Lakini uchambuzi huohuo una nusu ya pili, ambayo kampuni hazipendi kuitaja. Mchezo ukivunjwa baada ya wiki 12, hasara inayoonekana inakaribia sifuri, kwa sababu wengi waliokuwa tayari kulipa bei kamili wameshalipa. Mtafiti mwenyewe aliona kwamba mchapishaji anaweza kuiondoa kinga baada ya muda huo bila kupoteza kitu cha maana. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha suala lote. Faida ya kufuli ni ya miezi mitatu, ilhali usumbufu wake humfuata mnunuzi kwa miaka yote atakayoumiliki mchezo.

Huko mwanzo tatizo lilikuwa ni kufuli kali mno. Mchezo wa Spore wa mwaka 2008 ulikuja na kinga ya SecuROM, iliyoruhusu kuusimika kwenye kompyuta tatu tu, na wanunuzi wakaujaza ukurasa wake wa Amazon nyota mojamoja hadi kampuni ya Electronic Arts ikalegeza idadi hiyo. Mwaka 2010 Ubisoft ilitoa Assassin's Creed II kwa kompyuta kwa sharti la kuunganishwa na intaneti muda wote, hata kwa mtu anayecheza peke yake, na siku chache baadaye seva zikazidiwa, wenye nakala halali wakabaki wanautazama ujumbe wa kushindwa kuunganishwa. Masharti ya namna hiyo yamepungua.

Tatizo la sasa ni muda. Kufuli linalotegemea seva linaishi kadiri seva inavyoishi, na seva ni kitu cha kulipiwa kila mwezi na kampuni ambayo kesho inaweza kuuzwa, kufilisika, au kuamua tu kwamba gharama haina maana tena. Novemba 2021 kulitokea kionjo cha hali hiyo. Kikoa cha intaneti, yaani anwani, kinachotumiwa na Denuvo kilikoma kufanya kazi mwishoni mwa wiki, na kwa saa kadhaa baadhi ya michezo ambayo watu walikuwa wameilipia ikagoma kufunguka. Hitilafu ilirekebishwa upesi, lakini ilithibitisha kwamba hakuna aliyekuwa ameandaa njia ya pili.

Kisa cha The Crew ni kikubwa zaidi, ijapokuwa kinahusu mchezo uliojengwa juu ya seva tangu mwanzo na si kinga ya nakala peke yake. Mchezo huo wa mbio za magari ulitolewa na Ubisoft Desemba 2014, na tarehe 31 Machi 2024 seva zake zikazimwa. Sehemu kubwa ya mchezo huo mtu angeweza kuicheza peke yake, lakini kwa kuwa kila kitu kilipitia kwenye seva, wote walioununua walibaki bila chochote, na baadaye kampuni ikafuta hata leseni zao. Kutokana na hilo ndipo Ross Scott, mtengenezaji wa video nchini Poland, alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, inayodai michezo iachwe katika hali ya kuchezeka hata kampuni inapoacha kuihudumia, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likapita saini milioni moja Julai 2025.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye intaneti isiyokatika. Kinyume chake ndicho kweli. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku kadhaa, na mchezo wowote uliohitaji kuthibitishwa na seva ya mbali ulikuwa mikononi mwa mafundi wa meli za kutengeneza nyaya. Mwezi huohuo Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya PlayStation Network, huduma ambayo haitolewi rasmi Tanzania wala Kenya. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi 177. Sony ililiacha sharti hilo baada ya siku chache kwa sababu ya kelele za dunia nzima, lakini watu wa kwetu waliokwisha kulipa kwa dola walikuwa wameshaonja namna akaunti inavyoweza kugeuka ukuta. Tunapolaumiwa kwa uharamia, na lawama hiyo ina ukweli, ni haki pia kuuliza ni wangapi waliotaka kununua wakakuta duka halijafunguliwa kwao.

Sheria nazo zimesimama zaidi upande wa kufuli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kama ilivyo ile ya Marekani ya 1998, inakataza kuvunja kinga ya kiufundi. Marekani imetoa msamaha tangu 2015 kwa mchezo unaochezwa peke yako ambao seva yake ya uthibitisho imefungwa, na California, kuanzia Januari 2025, inamtaka muuzaji amwambie mnunuzi bayana kwamba anachopata ni leseni, isipokuwa pale ambapo bidhaa inaweza kupakuliwa na kutunzwa moja kwa moja bila intaneti. Ni hatua njema. Lakini kumwambia mtu mapema kwamba mali yake inaweza kuchukuliwa hakumrudishii mali hiyo ikichukuliwa.

Wachapishaji, kupitia chama chao cha Video Games Europe, wameijibu kampeni ya Stop Killing Games kwamba kulazimishwa kuacha michezo katika hali ya kuchezeka kungepandisha gharama, na kwamba seva za watu binafsi zingeleta matatizo ya usalama na ya kisheria. Kwa michezo ya mtandaoni inayokutanisha maelfu ya watu, hoja hiyo naiona ina uzito. Haina uzito huo kwa kufuli la nakala. Kuliondoa ni suala la kutoa toleo jipya lisilo nalo, na kampuni zimeshafanya hivyo bila kuanguka: Doom ya 2016 iliondolewa Denuvo Desemba mwaka uleule, na hiyo Resident Evil Village ikaondolewa mwaka 2023. Duka la GOG la Poland limekuwa likiuza michezo bila kufuli tangu 2008.

Kuna pingamizi moja linalostahili jibu. Mchapishaji akitangaza siku ya kuondoa kufuli, je, watu hawatasubiri siku hiyo ili waibe? Baadhi watasubiri. Lakini mtu mwenye subira ya kungoja miezi mingi ndiye yuleyule anayengoja punguzo la bei la msimu, na kampuni zenyewe ndizo zilizomfundisha kungoja kwa kushusha bei mapema kila mwaka. Anayeutaka mchezo wiki ya kwanza hataacha kuununua kwa ajili ya tangazo la mwaka ujao. Na kwa ajili ya kampuni inayofilisika kabla ya siku hiyo, toleo lisilo na kufuli linaweza kukabidhiwa mapema kwa duka linaloiuza michezo yake, kwa mkataba wa kulitoa pale seva itakapozimwa. Kampuni inayoweza kuandika kwenye ukurasa wa mauzo kikomo cha kompyuta tano kwa siku inaweza pia kuandika, chini ya mstari huohuo, mwezi na mwaka ambao kikomo hicho kitaondolewa.