Farasi wako hawajafa, wamefungwa tu

Mwaka juzi, katikati ya mlima Kitonga, Altezza yangu ilipitwa na Noah. Wala haikuwa Noah tupu: abiria kila kiti, magodoro mawili juu ya keria, na dereva anatafuna mahindi ya kuchoma kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nimekanyaga mafuta mpaka chini kabisa, mafla mpya inanguruma nyuma kama ndege inayoondoka, na gari halichanganyi. Abiria wa kiti cha mwisho alinipungia mkono. Sikumjibu.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na kila anayeniuliza, "Kaka, niweke nini ili gari livute?" Swali lenyewe limekaa vibaya. Magari mengi ya spoti tunayoendesha Dar hayahitaji kuwekewa kitu. Yanahitaji kurudishiwa yalichonyang'anywa.

Chukua hiyo hiyo Altezza RS200. Toyota waliitoa Japani mwaka 1998 ikiwa na injini ya 3S-GE ya lita mbili, ambayo kichwa chake kilitengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha. Ya gia za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210 bila turbo, ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada, na hiyo kwa injini ya lita mbili si mchezo. Lakini uzalishaji ulikoma mwaka 2005. Maana yake hata iliyo changa kuliko zote ni gari la miaka ishirini, limeshapita mikono ya Mjapani mmoja au wawili, kisha mikono ya mafundi wetu. Wale farasi 210 wa kwenye karatasi, banda lako sasa lina wangapi?

Tuwe wa haki, Kitonga nayo ina lake. Ukipanda kutoka bonde la Ruaha kuelekea Iringa unafika kwenye mita elfu moja na mia tano hivi kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Kariakoo. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho, na hapo hakuna fundi wa kulaumiwa. Ndiyo maana jamaa zetu wa Nairobi, walio juu zaidi ya hapo, wanazipenda Subaru za turbo. Turbo inafidia sehemu kubwa ya hewa inayokosekana. Ila Noah ile haikuwa na turbo, na hewa tuliyovuta ilikuwa moja.

Niliporudi Dar nilimpelekea gari mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache. Aliliwasha, akaliacha lingurume robo saa, akashika bomba la juu la rejeta kwa kiganja, akaangalia mshale wa joto.

"Kijana wangu, thamostati ya hili gari iko wapi?"

"Ilitolewa, mzee. Niliambiwa nchi ya joto haihitaji thamostati."

Alicheka mpaka akakaa.

Hili naomba nilisemee kwa kirefu, maana ndilo tatizo la nchi nzima. Gari likichemsha mara moja tu, fundi wa kwanza anatoa thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, na kuitupa. Kwa kweli gari linaacha kuchemsha, kwa sababu maji sasa yanazunguka muda wote bila kizuizi. Lakini injini imepangwa kufanya kazi maji yakiwa kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu. Ukiendesha barabara ndefu bila thamostati, upepo unaipoza chini ya hapo, na kompyuta inaamini kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa asubuhi. Inaongeza petroli. Oili inabaki nzito. Gari linakunywa kama lori na linavuta kama baiskeli. Na ule ugonjwa halisi, yaani rejeta iliyoziba kutu na chumvi kwa sababu ya kujazwa maji ya kisima, bado upo palepale. Thamostati mpya, kusafisha rejeta na kujaza kulanti, yale maji maalumu ya rejeta: kazi hiyo yote ilikula pesa kidogo kuliko niliyotoa kwenye mafla. Tofauti niliisikia kabla sijamaliza mtaa.

Mengine yalikuwa ya kawaida. Plagi zilikuwa za bei poa na za saizi isiyo yake, koili moja ilikuwa imechoka, na koo la kuingizia hewa lilijaa masizi meusi kama chungu cha kuni. Petroli nayo ina habari yake. Injini hii inabana mchanganyiko wake kwa uwiano wa 11.5 kwa 1, nao Wajapani waliipangia petroli ya oktani ya juu, yaani inayovumilia kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Ukiipa ya chini, sensa inasikia injini inagonga, kompyuta inachelewesha cheche ili kuiokoa, na nguvu inashuka kimya kimya bila taa yoyote kuwaka. Kwa hiyo jaza petroli bora unayoweza kuipata kituoni, na ile ya kwenye chupa za kando ya barabara waachie wenye shida kuliko wewe.

Sasa tuje kwenye mapambo. Filta ya koni, ile inayokaa wazi ndani ya boneti, inatoa mlio mtamu, nakubali. Lakini inavuta hewa gani? Ya moto, ya juu ya injini. Hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia moja kila joto linapopanda nyuzi tatu. Foleni ya Ubungo, boneti imefungwa, hewa ya humo ikizidi ya nje kwa nyuzi 30, umeshatupa karibu sehemu moja ya kumi. Boksi la plastiki la kiwandani, ambalo wengi wanalitupa, lina mdomo unaovuta hewa ya nje. Nunua filta safi ya kawaida, lirudishe boksi, basi.

Mafla nayo nimeshaitubu. Bomba pana kwenye injini ambayo haijabadilishwa kitu kingine linakupa majirani wenye hasira na farasi wachache wa kuhesabu. Kuhusu masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi: kama yameziba, kweli yanaikaba injini, yabadilishe. Kama ni mazima, anayekushauri uyatoe muulize kwanza yeye anayauza wapi, kwa sababu ndani yake kuna paladiamu na rodiamu, na madini hayo yana wanunuzi.

Ukiniuliza shilingi ya kwanza iende wapi baada ya injini kupona, nitasema tairi, na sitabadilika. Watu wanaongeza nguvu kwenye gari linalosimama juu ya mtumba uliokauka. Soma ubavu wa tairi lako: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka. 3214 ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Raba ya umri huo inaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri tu za kupendeza macho, lakini imekuwa ngumu kama soli. Piga hesabu mwenyewe: kwa kilomita 100 kwa saa, tairi lenye mshiko mzuri linaweza kusimamisha gari ndani ya mita 50 hivi, mshiko ukipungua robo, unahitaji zaidi ya 65. Hizo mita 15 ndizo anazosimama mtoto wa shule kwenye zebra.

Na ubadilishe maji ya breki, jamani. Yanafyonza unyevu mwaka hadi mwaka. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishafyonza maji, kipimo cha daraja hilo kinaruhusu yachemke hata kwa 155. Unaposhuka Kitonga nyuma ya malori, mguu juu ya breki dakika kumi, nyuzi 155 si mbali. Yakichemka, pedali inazama tu.

Springi za kukatwa na grenda sitaki hata kuzijadili. Altezza ina wishiboni mbili, yaani mikono miwili ya kushikilia kila gurudumu, mbele na nyuma, mfumo ambao watu hununua magari ya bei mbaya kuupata, halafu wewe unaukata ili gari libusu lami ya Mbagala. Weka bushi mpya, shokapu nzima, pima alaimenti. Gari litakata kona mpaka ujiulize ulikuwa unaendesha nini siku zote.

Cha bure kabisa ni uzito. Gari lina kilo kama 1,350. Ukitoa kilo 60 za spika, jeki mbili na takataka za buti, ni kama umeongeza farasi tisa. Na kingine cha bure ni kujua nguvu inakaa wapi. Injini hii inatoa nguvu yake yote kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Wengi tunabadilisha gia kwenye 3,000 halafu tunalalamika. Siku ile Kitonga nilikuwa kwenye gia ya nne, gia ambayo mlima ule hauitaki.

Mwaka huu nimepanda tena, gia ya pili, mshale juu, nyuma ya lori la saruji muda mwingi kwa sababu huko hakupitiki ovyo, na mbugani Mikumi nilipita kwa kilomita 50 kwa saa kama tochi za trafiki zinavyotaka. Noah sikuiona. Mafla ipo stoo. Anayeitaka aje na mtu wa kumsaidia kubeba.