Krimu ya jua kwa ngozi nyeusi: kinga au mambo ya wazungu?

"Hiyo ya wazungu, dada. Ngozi yako imejitosheleza," aliniambia muuzaji wa duka la dawa hapa Kampala nilipomwomba krimu ya kujikinga na jua. Akaitoa kabatini huku akiifuta vumbi. Kwa bei aliyoitaja, nyumbani kwetu tungejipaka Vaseline mpaka mwaka uishe.

Nina mpwa wangu yuko chuo, yeye hatoki nje bila hiyo krimu hata siku ya mvua. Kwake jua halichagui rangi, na anayesema vinginevyo amepitwa na wakati. Nimekaa katikati ya hawa wawili muda sasa.

Muuzaji ana hoja nzito. Tabaka la juu la ngozi, sehemu kubwa ya mwili, ni jembamba kama karatasi, na chini kabisa ya tabaka hilo zimo chembe zinazotengeneza melanini, rangi ya asili ya ngozi. Idadi ya chembe hizo kwa Mganda na kwa mtu wa Ulaya haitofautiani sana. Tofauti iko kwenye kazi yake: zetu hutoa punje kubwa zaidi za melanini, nazo zikasambaa na kutanda juu ya kiini cha kila seli kama mwavuli. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1979 vilikuta tabaka hilo kwa watu weusi likikinga kwa kiwango cha 13 hivi kwa kipimo cha SPF, kile kinachoandikwa kwenye chupa za krimu ya jua, na kwa wazungu 3 na ushee. Yaani kabla hujafungua chupa yoyote, umeshapakwa.

Na tulipakwa kwa sababu. Kampala iko jirani kabisa na ikweta, halafu iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa ya kuchuja miale inavyopungua. Pita Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, pale watalii wanapopigia picha kwenye alama ya ikweta, kisha uwatazame pua zao jioni. Watafiti Nina Jablonski na George Chaplin, katika andiko lao la mwaka 2000, walieleza kwamba weusi wetu hulinda foleti, vitamini ambayo miale mikali huiharibu na ambayo mama mjamzito anaihitaji ili uti wa mgongo wa mtoto ufunge vizuri. Maelezo hayo hunishawishi kuliko yale kwamba weusi ulikuja kutukinga na saratani, maana saratani ya ngozi mara nyingi huja mtu akiwa ameshazaa na kurithisha ngozi yake.

Lakini 13 si ukuta. Stendi ya boda karibu na kwetu, vijana huvaa jaketi zito kinyumenyume, zipu mgongoni, kwa ajili ya upepo na vumbi. Siku moja mzee mmoja wa pale alilivua kunawa mikono. Kuanzia kifundo cha mkono kushuka, mkono ulikuwa mweusi kama masizi. Kupanda juu, kahawia ya chai ya rangi. Mpaka umekatika kama kwa rula. Huko kuiva ni ngozi kujitetea, na ngozi haijitetei bila kushambuliwa.

Hapo ndipo mpwa wangu anapata haki yake, ingawa si kwa sababu anayoitoa. Mtu mweusi hubabuka kwa shida, ila hupata madoa upesi. Chunusi ikipona huacha alama nyeusi, ujauzito huleta mabaka mashavuni, na jua huyakoleza yote mawili. Hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huyakoleza, na krimu nyingi zisizo na rangi haziuzuii huo. Inayofaa ni ile iliyotiwa oksidi ya chuma, yenye rangi ya udongo. Zile nyeupe zenye zinki, ukipaka unatoka kama umejimwagia majivu. Nawaelewa wanaozikataa.

Anayeyachukia madoa hayo bila kupata kinga, mara nyingi huishia kwenye mkorogo. Krimu zenye haidrokwinoni au zebaki hukata utengenezaji wa melanini, zenye steroidi kali huichosha ngozi mpaka inakuwa nyembamba na kupasuka michirizi. Mtu ananunua kwa pesa yake kuvuliwa mwavuli, kisha anatoka bila huo mwavuli mchana wa Kampala. Huyo muuzaji hawezi tena kumwambia kwamba ngozi yake imejitosheleza.

Kuna jambo wote wawili hawaligusi. Melanoma, saratani mbaya ya ngozi, ikimpata mtu mweusi hupenda unyayo, kiganja, au chini ya ukucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981, ana miaka 36, kwa saratani iliyoanzia kidole cha mguu. Huko jua halifiki, na krimu haisaidii kitu. Doa linalokua unyayoni linataka daktari.

Basi kwa saratani ya mweusi mwenye afya, namwachia muuzaji ushindi. Kwa madoa, nampa mpwa wangu. Lakini ikiwa krimu ni chache na ghali hivi, mwenye haki nayo kwanza ni mwenye ualbino. Chembe zake zipo, melanini ndiyo haitengenezwi au ni kidogo mno, naye anaishi chini ya jua hili hili na wengi hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Kwake chupa moja ni ya siku chache tu: apake uso, masikio, shingo, mikono, arudie kila baada ya saa mbili. Kwa hiyo mzigo mkubwa hubebwa na nguo, kofia pana na mikono mirefu. Nami kila asubuhi naona watoto wakipita kwenda shule, mashati ya sare yameishia juu ya kiwiko.